Grand Kallé: Aliwachezesha Waafrika uhuru, kisha bendi ikamponyoka

RUBONA, Rubavu – Jua linapozama ng'ambo ya Ziwa Kivu na boti za mizigo zinapofungwa kamba hapa Rubona, redio za baa za ufukweni hurudi kwenye nyimbo za zamani. Gitaa mbili huanza kujibizana, tumba hufuata, kisha huingia sauti ya mwanamume, laini, isiyo na haraka. Wafanyabiashara waliotoka Goma na magunia matupu huitambua mara moja. Wengi hawajui Kilingala hata cha kuombea maji, lakini wimbo wanaufuata hadi mwisho.

Sauti hiyo ni ya Joseph Kabasele Tshamala, aliyejulikana kote kama Grand Kallé. Alifariki dunia tarehe 11 Februari 1983, kabla wengi wa wanaovuka leo Petite Barrière hawajazaliwa. Hata hivyo, hakuna mwimbaji wa ukanda huu ambaye bidhaa yake ilivuka mipaka mingi kuliko yake. Na hadithi yake ni ya biashara kama ilivyo ya muziki: mtu aliyepanda kutoka kibarua wa studio hadi mwenye kampuni yake, akawa wa kwanza sokoni, kisha akaachwa na wenzake kwa sababu ambayo kila mwenye kibanda anaifahamu.

Mtoto wa bandarini

Kabasele alizaliwa tarehe 16 Desemba 1930 huko Matadi, mji wa bandari kwenye mto Kongo, mahali ambapo shehena za meli kutoka Ulaya zilihamishiwa kwenye treni kwenda Léopoldville, Kinshasa ya leo. Asili ya familia yake ilikuwa Kasai. Ilikuwa familia yenye jina: miongoni mwa jamaa zake alikuwa Joseph Malula, padri aliyekuja kuwa Askofu Mkuu wa Kinshasa na mwaka 1969 akafanywa Kardinali.

Kama vijana wengi wa zama zake, sauti yake ilifunzwa na kwaya ya kanisa. Huko ndiko alikozoea kupanga sauti mbili tatu ziende pamoja bila kugongana, ufundi uliokuja kuwa alama ya bendi yake. Alisoma Léopoldville, akafanya kazi ya ofisini ya kupiga taipu. Kwa kijana Mwafrika chini ya Wabelgiji, hiyo ilikuwa kazi ya heshima yenye mshahara wa uhakika na shati jeupe. Aliiacha akaenda kuimba.

Uamuzi huo haukuwa wa kawaida. Mwanamuziki alihesabiwa kuwa mtu wa baa na mashaka. Lakini Léopoldville ya mwanzoni mwa miaka ya 1950 ilikuwa imejaa wafanyakazi waliotoka kila pembe ya Kongo, wenye mishahara kidogo na hamu kubwa ya starehe. Wafanyabiashara Wagiriki na Wayahudi walikuwa wameiona hamu hiyo mapema. Walifungua studio, wakarekodi wapigaji wa mitaani, wakauza santuri dukani pamoja na vitambaa na gramafoni. Studio za Ngoma, Loningisa na Opika zilishindana kama maduka ya vitenge yanavyoshindana leo.

Kabasele alianza kuimba katika kundi la Georges Doula, akaingia Opika ya ndugu wa Benatar. Utaratibu ulikuwa mmoja katika studio zote: vyombo ni vya mwenye studio, mwanamuziki analipwa kwa kazi aliyofanya, na santuri ikiuzwa elfu au laki, faida ni ya mwenye duka.

Jazz isiyo ya Marekani

Mwaka 1953 Kabasele aliunda African Jazz. Jina hilo huwachanganya wengi. Muziki wake haukuwa jazz ya New Orleans wala ya Chicago. Neno jazz, kwa bendi za Afrika ya wakati huo, lilimaanisha usasa: gitaa la umeme, saksafoni, tarumbeta, suti na tai. Ndiyo maana Tanzania nako kulikuwa na Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Tabora Jazz na Western Jazz, na hakuna hata moja iliyopiga kama Wamarekani.

Alichopiga Kabasele kilikuwa rumba. Santuri za Cuba, zilizotolewa kwa alama za GV tangu miaka ya 1930, zilikuwa zimeingia Afrika kupitia bandari na mabaharia. Wakongo walisikia humo midundo ya mababu zao waliovushwa bahari ya Atlantiki katika utumwa. Waliirudisha nyumbani, wakaitia maneno ya Kilingala. Kabasele aliongeza kitu chake: uimbaji wa taratibu wa nyimbo za mapenzi, wa kunong'ona zaidi ya kupaza, aliousikia kwa waimbaji wa Ulaya kama Tino Rossi wa Ufaransa. Wengine waliimba ili wasikike juu ya kelele za baa. Yeye aliimba hadi baa ikanyamaza.

Aliwachagua wenzake kwa jicho la mfanyabiashara anayejua mali. Alimchukua Nicolas Kasanda, kijana aliyekuwa bado na umri wa mwanafunzi, ambaye baadaye dunia ilimwita Docteur Nico. Kaka yake Nico, Charles Mwamba aliyeitwa Dechaud, alipiga gitaa la kati. Tino Baroza naye alikuwa mpiga gitaa wa kiwango cha juu. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1950 akaja kijana mwembamba mwenye sauti ya juu, Tabu Ley, aliyejulikana kama Rochereau. Katika vipindi vya kurekodi Opika alishiriki pia mpiga saksafoni Mbelgiji, Fud Candrix.

Miongoni mwa nyimbo za mwanzo zilizomtangaza ni Parafifi, wimbo wa mapenzi kwa Félicité, mtangazaji wa redio wa Brazzaville. Ulikuwa wimbo wa kuvuka mpaka. Léopoldville na Brazzaville zinatazamana kama Goma na Gisenyi, isipokuwa katikati yao kuna mto mpana, na wakati huo upande mmoja ulikuwa wa Wabelgiji na mwingine wa Wafaransa. Wanamuziki walivuka kwa kivuko kwenda na kurudi, wakichukua kazi popote palipokuwa na kazi. Redio Brazzaville, yenye mitambo ya nguvu iliyojengwa wakati wa Vita Kuu ya Pili, ilibeba sauti hizo mbali kuliko kivuko chochote.

Santuri zilifika huku pia. Kongo na Ruanda-Urundi zilikuwa chini ya Wabelgiji wote, na kuanzia 1952 hadi 1960 zilitumia faranga moja iliyotolewa na benki kuu moja. Mtu wa Gisenyi alinunua Goma bila kubadilisha fedha. Bidhaa za Léopoldville, santuri zikiwamo, zilisafiri ndani ya soko moja la fedha. Kiwanda cha bia cha Bralirwa kilianzishwa hapa Gisenyi mwaka 1957, na palipo na bia pana haja ya muziki.

Wakati huo ushindani ulikuwa umeshika moto. Mwaka 1956 iliundwa OK Jazz, ambayo Franco Luambo alikuja kuitawala. Mji uligawanyika. Mashabiki wa Franco walitaka ngoma nzito na maneno ya mtaani. Wa Kabasele walitaka sauti zilizopangwa, gitaa safi na mapenzi ya kistaarabu. Hadi leo wachambuzi wa rumba huzungumza juu ya shule mbili, ya Kallé na ya Franco. Opika ilipofungwa, African Jazz ilihamia studio ya Esengo. Mwenye mali akawa mwingine, mkataba ukabaki ule ule.

Wimbo uliotoka Brussels

Januari 1960, viongozi wa vyama vya Kongo waliitwa Brussels kwenye Mkutano wa Meza ya Duara kujadili uhuru. Thomas Kanza, msomi wa Kongo aliyekuwa huko, alipanga bendi ije kuwatumbuiza wajumbe. Kabasele alikwenda na Nico, Dechaud, Roger Izeidi na Petit Pierre wa African Jazz. Kutoka kwa wapinzani wao OK Jazz aliwachukua mwimbaji Vicky Longomba na Brazzos. Katika siasa wajumbe walikuwa bado wanavutana, lakini jukwaani mahasimu walikuwa tayari wamepanga mstari mmoja.

Tarehe ya uhuru ilipokubaliwa kuwa 30 Juni 1960, bendi ilikuwa na wimbo tayari katika Hoteli Plaza. Indépendance Cha Cha ulitunga furaha kwa mdundo wa cha-cha-cha ya Cuba, ukataja vyama na viongozi mmoja baada ya mwingine: Kasavubu, Lumumba, Bolikango, Kalonji, Tshombe. Hakuna aliyewekwa juu ya mwingine. Kila mjumbe alipata jina lake, na kila mkoa ukapata sababu ya kucheza.

Ujanja wa wimbo huo ulikuwa hapo. Watu ambao baada ya miezi michache wangekuwa maadui wa kufa waliimbwa pamoja ndani ya dakika tatu. Wimbo haukusubiri nchi iwe na umoja. Uliuonyesha umoja kana kwamba upo. Redio ziliurusha Afrika nzima. Ulichezwa katika makoloni ambayo yalikuwa bado hayajapata uhuru, na nchi nyingine ziliupokea kana kwamba ni wao. Huku kwetu Rwanda na Burundi zilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962, zaidi ya miaka miwili baada ya wimbo kutoka.

Kongo yenyewe haikudumu katika ngoma hiyo. Ndani ya siku chache baada ya uhuru jeshi liliasi, na Katanga ya Tshombe ikajitenga. Patrice Lumumba, ambaye Kabasele alikuwa karibu naye, aliondolewa madarakani, na tarehe 17 Januari 1961 akauawa Katanga. Majina yaliyokuwa yamepangwa vizuri ndani ya wimbo yaligeuka orodha ya washitaki na washitakiwa. Watu hawakuacha kuucheza. Lakini kwa waliowajua waliotajwa humo, haukuwa tena wimbo wa furaha tupu.

Mwenye kampuni

Kabasele hakurudi kutoka Ubelgiji mikono mitupu. Alikuwa ameona jinsi santuri zinavyotengenezwa, nani anamlipa nani, na fedha inabaki wapi. Mwaka 1960 alianzisha kampuni yake, Surboum African Jazz. Ilikuwa miongoni mwa kampuni za kwanza za santuri kumilikiwa na Mkongo. Kwa mara ya kwanza mwimbaji mkubwa wa Léopoldville hakuwa kibarua wa mwenye duka. Alirekodi Ulaya, penye mitambo bora, na mali ikarudishwa kuuzwa nyumbani.

Alifanya zaidi ya hapo. Mwaka 1961 aliwapeleka hata OK Jazz, wapinzani wake wa kibiashara, wakarekodi Brussels chini ya nembo yake. Kwa mtazamo wa soko, alikuwa ameacha kuwa mchuuzi na kuwa msambazaji: ushindani wa jukwaani ulimwingizia fedha kutoka pande zote mbili. Alimleta Léopoldville pia Manu Dibango, mpiga saksafoni na piano kutoka Cameroon aliyekutana naye Brussels. Dibango baadaye alikuja kuwa nyota wa dunia.

Hii ndiyo miaka ya juu kabisa ya African Jazz. Jamais Kolonga wa Tino Baroza na Africa Mokili Mobimba wa Dechaud, jina lenye maana ya Afrika dunia nzima, ni za kipindi hicho. Wapiga gitaa wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala walikaa mbele ya redio wakimfuatiliza Nico kidole kwa kidole. Mengi yanayosikika katika dansi la Tanzania la miaka ya 1960 yanaanzia hapo.

Hesabu zisizoonekana

Tatizo lilikuwa ndani ya nyumba. Wapigaji walijaza kumbi, santuri zikauzwa, lakini mgao haukuwaridhisha. Kiongozi alikuwa ndiye mwimbaji, ndiye mwenye kampuni, ndiye mwenye mikataba na ndiye mlipaji. Aliyetaka kujua kiasi gani kimeingia hakuwa na mahali pa kuuliza ila kwa yule yule aliyekishika. Walioteseka chini ya wenye studio wa kigeni walitarajia kwamba mwenzao atawatendea tofauti.

Mali bila daftari hupotea bila habari, wahenga walisema, na Kabasele alipoteza mali iliyo ghali kuliko fedha. Mwaka 1963 Nico, Rochereau, Dechaud na Roger Izeidi waliondoka kwa pamoja na kuunda African Fiesta. Si mmoja wala wawili. Ulikuwa uti wa mgongo wa bendi. Kabasele alibaki na jina, nembo na sauti yake.

Alijaribu kusimama tena. Alimchukua Jean Bombenga na vijana wa Vox Africa, African Jazz ikaendelea kurekodi. Nyimbo zilikuwa nzuri, lakini soko lilikuwa limehama. Wateja walimfuata Nico kwa gitaa na Rochereau kwa sauti, na waliopenda ngoma nzito walikuwa tayari kwa Franco. Haikuchukua miaka mingi, African Fiesta nayo ikavunjika vipande viwili, kimoja cha Nico na kingine cha Rochereau. Waliokuwa wamelalamika wakawa viongozi wanaolalamikiwa. Katika rumba ya Kongo kuvunjika kwa bendi kukawa desturi, na mara nyingi chanzo kilikuwa kile kile cha 1963.

Kwa haki ya Kabasele, ni vyema kuangalia hali ilivyokuwa. Kongo ilikuwa vitani, thamani ya fedha ilishuka, kurekodi na kusafirisha kutoka Ulaya kulihitaji fedha za kigeni ambazo hazikupatikana. Kiongozi wa bendi alikuwa mwajiri bila benki, bila sheria ya hakimiliki yenye nguvu, bila mhasibu. Mambo hayo yanaeleza ugumu alioukuta. Hayaelezi kwa nini wenzake hawakuonyeshwa vitabu.

Paris, kisha nyumbani

Mwishoni mwa miaka ya 1960 Kabasele alikuwa Paris. Huko alikusanya kundi lililoitwa African Team: Manu Dibango wa Cameroon, Jean Serge Essous wa Brazzaville na mpiga filimbi Don Gonzalo wa Cuba. Ilikuwa kama mzunguko wa rumba umekamilika. Muziki uliotoka Afrika kwenda Cuba ukarudi Kongo, na sasa Mkongo na Mcuba wakarekodi pamoja Ulaya. Rekodi hizo zinasikilizwa hadi leo na wanaojua muziki, ingawa hazikumrudishia ufalme aliokuwa nao.

Alirudi Kinshasa. Nchi ilikuwa imebadilishwa jina na Mobutu kuwa Zaire, vijana walicheza soukous za kasi, nyimbo za kunong'ona hazikuwa tena za siku. Afya yake ilidhoofika. Alipofariki mwaka 1983 alikuwa na umri wa miaka 52. Nico alimfuata mwaka 1985, Franco mwaka 1989. Tabu Ley aliishi hadi 2013, na hata baada ya ugomvi wa 1963 hakuwahi kuficha kwamba Kallé ndiye aliyemfungulia mlango.

Wengine walirithi hata jina. Mwimbaji mwenye mwili mkubwa wa Empire Bakuba, aliyetamba Nairobi na Dar es Salaam miaka ya 1980 na 1990, alijiita Pépé Kallé kwa heshima yake.

Deni lililobaki

Mwaka 2013, miaka 30 baada ya kifo chake, kampuni ya Sterns ya London ilikusanya rekodi zake na kuzitoa upya. Desemba 2021 UNESCO iliiingiza rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa binadamu, kwa ombi la pamoja la Kinshasa na Brazzaville, majirani wawili waliokubaliana kwamba bidhaa hii haina upande mmoja wa mto. Mwaka uliofuata Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliingia rasmi Jumuiya ya Afrika Mashariki, na muziki ambao Waafrika Mashariki walikuwa wakiucheza kwa miaka 60 ukawa wa mwanachama mwenzao.

Uanachama haujafanya barabara ya Goma kuwa nyepesi, kama kila anayeipita ajuavyo. Gisenyi ina kumbukumbu ya ahadi za namna hiyo: Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu ilitiwa saini katika mji huu huu Septemba 1976, na wafanyabiashara wameshuhudia mpaka ukifunguliwa na kufungwa mara nyingi tangu hapo.

Santuri za Kabasele zilipita katika hali zote hizo. Zilipita chini ya faranga moja na baada ya faranga kugawanyika, chini ya Wabelgiji na baada yao, wakati wa amani na wakati wa vita. Kilichoshindwa kuvuka ni malipo. Nyimbo zake bado zinapigwa katika baa na redio za nchi zote za ukanda, zinanakiliwa kwenye kadi za simu na kuuzwa sokoni pamoja na betri na sabuni. Waliozitunga na kuzipiga, Kabasele na hao walioondoka wakidai mgao wao, hawakuiona fedha hiyo. Jumuiya inayotaka nyanya na mayai vivuke mpaka kwa haki italazimika siku moja kuihesabu na mali hii pia.